Mahojiano ya kadi ya kijani pale Gigiri: muuguzi na familia yake wajiandae vipi?

#1 Sindano_Kasarani

Habari za jioni wadau. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Nairobi, wodi ya wagonjwa mahututi. NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, nilishapita, VisaScreen, kile cheti cha kuthibitisha sifa za wauguzi wa kigeni, ninayo, na mwajiri wa Marekani aliniombea kupitia EB-3, njia ya kupata ukaaji wa kudumu kwa ajira, ombi likakubaliwa. NVC, kituo chao cha kushughulikia viza, wamemalizana na makaratasi na sasa barua ya miadi imefika: mahojiano ubalozini Gigiri, mwezi ujao. Tunaenda wanne, mimi, mume wangu ambaye ni mwalimu wa sekondari, na watoto wawili.

Yanayoninyima usingizi ni haya. Cheti changu cha KCSE, cha kumaliza sekondari, kina jina la ubatizo ambalo pasipoti haina. Ndoa yetu ilikuwa ya kimila kwanza, tukapata mtoto, ndipo tukaenda kuiandikisha, kwa hivyo tarehe ya cheti cha ndoa imekuja nyuma ya tarehe ya kuzaliwa kwa kifungua mimba wetu. Halafu kuna jamaa mwenye ofisi katikati ya jiji anataka shilingi elfu thelathini anifundishe "majibu ambayo afisa anataka kusikia". Kazini nako kila mtu ana lake: nivae suti, nisitaje kwamba nina ndugu Dallas, nibebe hati ya shamba la Kajiado ili waone nina mizizi nyumbani.

Aliyepitia mahojiano haya ya kuhamia, si yale ya viza ya kutembea, naomba anieleze.

#2 Konda_Mstaafu

Beba hati ya shamba dada, wakikunyima viza unapitia Kajiado moja kwa moja ukalime. Nangoja majibu hapa na chai yangu.

#3 Mzee_wa_Faili

Dada Sindano, hongera kwanza. Hati ya shamba iache kabatini. Ushauri wa mizizi nyumbani ni wa watu wa viza ya kutembea. Yule, kwa kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji, huchukuliwa kwamba anataka kuhamia mpaka aonyeshe vingine, ndiyo maana anabeba hatimiliki na barua ya likizo. Wewe umeomba kuhamia waziwazi. Ukimwambia afisa una shamba na utarudi baada ya miaka miwili, utamfanya ajiulize kama ile kazi unaitaka kweli.

Nilifanya kazi katika ofisi ya wakili hapa mjini, na faili za watu wanaohama ndizo zilizonilipia kodi ya nyumba. Nilichokiona ni kwamba afisa huwa ameshasoma kabla hujafika dirishani. Ana fomu yako ya DS-260, ana ombi la mwajiri la I-140, ana vyeti mlivyopakia NVC, ana ripoti ya daktari. Anachouliza ni cha kulinganisha: huyu aliyesimama hapa ndiye yule wa kwenye karatasi? Na kazi aliyoahidiwa bado ipo?

Kwa hivyo tenga jioni moja, watoto wakishalala, usome faili yako kama mtu anayeitafutia kasoro. Chapisha DS-260 nzima. Wengi waliijaza zamani, wengine walijaziwa na ajenti na hawajawahi kuisoma hata mara moja. Pitia anwani ulizoishi, waajiri, tarehe za kuanza na kuacha kazi, kisha weka barua za waajiri kando yake. Fomu ikisema uliacha hospitali ya kwanza Machi na barua ikasema Juni, andika pembeni, na ukiitwa dirishani useme mwenyewe mwanzoni kabisa: "Kuna tarehe moja ningependa kuisahihisha." Wao hurekebisha hapo hapo na mambo yanaendelea. Kinachomaliza mtu ni kudanganya kuhusu jambo lenye uzito. Hilo linaangukia kifungu cha 212(a)(6)(C), na marufuku yake haina tarehe ya mwisho.

Ndugu wa Dallas, ukiulizwa, mtaje. Kuwa na ndugu kule hakuathiri viza ya kazi. Ila kama huyo ndugu ana hisa za asilimia 5 au zaidi katika kampuni iliyokuombea, hapo utatakiwa ulete hati ya udhamini wa kifedha, I-864. Sidhani kama ni hali yako.

Suala la jina na la ndoa nitarudi kuyaandikia, nipo kwa matatu na simu inaishiwa na moto.

#4 Bi_Mkadamu

Mwanangu, mimi binti yangu alipita hapo, naye ni muuguzi vilevile. Nguo alivaa ile ya kuendea kanisani Jumapili ya kawaida, si ya harusi. Hakuna aliyemtazama nguo. Alichonisimulia ni kwamba mnakaa mkingoja muitwe, kwanza mnapita kwa karani anayekagua vyeti, mnachukuliwa alama za vidole, ndipo mnaitwa kwa Mmarekani mwenyewe. Mnasimama mbele ya kioo, mnaongea kupitia kipaza sauti kidogo, na wale wa madirisha ya jirani wanasikia kila kitu. Akaambiwa ainue mkono wa kulia aape kwamba yote aliyoandika na atakayosema ni kweli. Huyo binti anaongea kwa sauti ya chini sana, afisa akamwomba arudie jibu mara kadhaa. Kwa hivyo mwanangu, ongea utoe sauti.

#5 Kebo_Umoja

Samahani kwa kuingilia uzi. Mimi ni mhandisi wa mitandao, nimeomba Kanada kupitia Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi. Nao wana mahojiano? Ajenti wangu anasema nijiandae na kwamba yeye ana "mtu wa ndani" Gigiri.

#6 Mzee_wa_Faili

Nimefika nyumbani. Kebo, nitakujibu, ngoja nimalizane na dada.

Jina. Kwetu ni kawaida mtu kuwa na majina matatu kwenye kitambulisho, mawili kwenye cheti cha kuzaliwa, na cheti cha shule kina jina ambalo mwalimu wa darasa la nane aliandika anavyojua. Maafisa wa Gigiri wamekaa Nairobi, wanalijua hili kuliko unavyodhani. Wanachohitaji ni karatasi moja inayounganisha majina yote. Kama tofauti ni ya mpangilio, au jina moja limekosekana, hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, inayosema kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja, kwa kawaida hutosha. Kama ulibadilisha jina kabisa, lazima uwe na ile hati ya kisheria ya kubadilisha jina, pamoja na nakala ya Gazeti Rasmi la Serikali ilipochapishwa. Zaidi ya hapo, kwenye DS-260 kuna sehemu inayouliza kama umewahi kutumia majina mengine. Hilo la ubatizo lilipaswa kuwa pale. Kama halipo, ndilo la kwanza kusema dirishani.

Pia linganisha jina lililoko kwenye leseni ya Baraza la Wauguzi na lililoko kwenye VisaScreen. Na tazama tarehe ya VisaScreen yenyewe, maana cheti hicho hudumu miaka 5, na lazima kiwe hai siku viza inapotolewa. Nimeona muuguzi ambaye foleni ya EB-3 ilimkalisha mpaka cheti kikamfia mkononi, ikabidi aanze kukifufua huku tarehe ya mahojiano imeshapangwa.

#7 Wakili_Nusu

Nichukue la ndoa, maana nafanya kazi karibu na Sheria House na naliona kila wiki.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisa, ya kiserikali, ya Kiislamu na ya Kihindu. Lakini inawataka wenye ndoa ya kimila wamjulishe Msajili ndani ya miezi 3 baada ya sherehe kukamilika. Nani hufanya hivyo? Watu wanamaliza ruracio, yaani sherehe ya mahari, wanakula mbuzi, wanaenda nyumbani. Miaka inapita mpaka siku pasipoti, bima au ubalozi unapodai cheti.

Kwa hivyo kisa cha dada si cha ajabu hata kidogo. Ubalozi unataka cheti kilichotolewa na Msajili wa Ndoa, na tayari anacho. Sasa swali ni moja: kwenye fomu aliandika tarehe gani ya ndoa? Kama aliandika ya kimila na cheti kina ya kuandikishwa, aeleze kwa sentensi mbili: tulioana kimila mwaka fulani, tukaandikisha mwaka fulani, hiki hapa cheti. Mume naye ajue kueleza vivyo hivyo. Mashaka huingia pale mke anaposema mwaka huu na mume anasema ule, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake.

Na kama kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuwa na ndoa kabla ya hii, hata ya kimila, cheti cha talaka au cha kifo ni lazima. Hapo usitegemee maneno.

#8 Sindano_Kasarani

Asanteni sana, mmenipunguzia presha. Hakuna ndoa ya awali kwa yeyote kati yetu. Nimefungua DS-260 sasa hivi, na kweli niliandika tarehe ya kimila. Lile jina la ubatizo nililitaja, Mungu ni mwema.

Kuhusu vipimo: mimi niliwahi kufanya kazi wodi ya kifua kikuu. Eksirei ikionyesha kovu je?

#9 Daktari_wa_Mtaani

Sindano, wewe unaijua habari hii kuliko wengi, ila nakujibu kwa ajili ya wengine wanaosoma.

Vipimo hufanywa na madaktari walioidhinishwa na ubalozi tu. Wengi wetu hapa Nairobi hupimwa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Mwenye miaka 15 na zaidi hupigwa eksirei ya kifua. Watoto wa miaka 2 hadi 14 kutoka nchi zenye kifua kikuu kwa wingi, na Kenya ni mojawapo, hutolewa damu kwa kile kipimo cha IGRA. Mtoto akionekana ana vimelea vilivyolala, naye hupigwa eksirei, na ikiwa safi na hana dalili, viza haizuiwi kwa sababu hiyo.

Eksirei ya mtu mzima ikiwa na kovu au kivuli ndipo safari inachelewa. Utatoa makohozi siku 3 mfululizo, yakapandwe maabara, na majibu ya kupandwa huchukua wiki 6 hadi 8. Hata kama ulitibiwa ukapona zamani. Kwa hivyo aliyewahi kuugua TB, au aliyefanya kazi kwenye wodi ya TB, asipange vipimo siku chache kabla ya mahojiano. Atafute kadi zake za matibabu na eksirei za zamani aende nazo.

Lakini pia usikimbilie mapema mno. Matokeo kwa kawaida ni halali kwa miezi 6, wengine hupewa 3 tu kwa sababu ya kifua, na viza haiwezi kuishi kuliko vipimo. Ukipima mapema, unajikatia muda wa kufunga nyumba, kuuza gari na kuaga.

Chanjo: tafuta kile kijitabu cha kliniki cha watoto. Kama kimeliwa na panya, watachanjwa upya, hakuna madhara zaidi ya kilio na pesa.

#10 Msomi_Ruaka

Mimi napingana kidogo na Mzee. Anasema afisa analinganisha tu. Rafiki yangu mhasibu aliulizwa maswali ya kitaaluma kabisa: mfumo gani wa hesabu mnatumia, unafungaje hesabu za mwisho wa mwezi, mshahara uliotajwa ni kiasi gani. Alibabaika, akapewa karatasi ya rangi, ile ya kusema kesi inasubiri, na kesi ikakaa sana. Huo si mtihani?

#11 Mzee_wa_Faili

Msomi, ni hoja nzuri, na jibu ni kwamba hata huko afisa alikuwa analinganisha. EB-3 ina makundi: wataalamu wenye digrii, wafanyakazi wenye ujuzi, ambao kazi yao inahitaji angalau miaka 2 ya mafunzo au uzoefu, na wale wengine ambao kazi yao inahitaji pungufu ya hapo. Ombi la mhasibu lilisema ana uzoefu fulani. Afisa hawezi kupima uzoefu kwa kutazama sura, anauliza siku yako kazini ikoje. Aliyeifanya kazi hiyo hueleza bila kufikiri. Aliyekariri hukwama kwenye swali la pili, kwa sababu karatasi za kukariri huwa na swali la kwanza tu.

Hapo ndipo naona wenzetu wanajiumiza. Mtu amefanya kazi yake kwa uhodari miaka mingi, lakini akiulizwa "unafanya nini?" anajibu kwa lugha ya tangazo la ajira: "Natoa huduma bora kwa wagonjwa kwa kushirikiana na timu." Afisa hajasikia chochote hapo. Sindano, ukiulizwa, sema: nahudumia wagonjwa wawili kwa zamu, wako kwenye mashine za kupumulia, naangalia dawa zinazopita kwa pampu, najaza chati kila saa, napokea na kukabidhi zamu kitandani. Umeona tofauti? Huyo ni mtu aliye wodini.

Mshahara, cheo, mji na jimbo utakakofanyia kazi ni vitu vya kujua bila kupapasa. Vimo kwenye ombi na kwenye barua ya ajira. Nimewahi kuona mtu anaulizwa mwajiri wake yuko wapi akajibu "Amerika".

Jambo lingine, barua ya ajira iwe ya karibuni. Ombi likikaa foleni muda mrefu, hospitali huuzwa, hubadilisha jina, au nafasi huondolewa. Mwandikie mwajiri sasa, mwombe barua mpya inayothibitisha kwamba kazi bado ipo, masharti ni yale yale. Usingoje uambiwe.

#12 Kebo_Umoja

Mzee, zamu yangu imefika?

#13 Mzee_wa_Faili

Imefika kijana. Kanada kwa njia ya Express Entry, wengi hupata ukaaji wa kudumu bila kuitwa mahojiano hata mara moja. Mfumo huo ulianza Januari 2015 na unaendeshwa kwa karatasi mtandaoni. Kuitwa hutokea pale afisa anaposhuku jambo, mara nyingi barua za kazi, au ndoa. Wakati mwingine badala ya kukuita, anampigia mwajiri wako wa zamani simu, au anakutumia barua akueleze shaka yake na kukupa siku za kujibu. Ile barua ndiyo mahojiano yako, ijibu kwa vielelezo.

Huyo "mtu wa ndani" hayupo. Kama angekuwapo, asingekuwa anagawana elfu ishirini na ajenti.

Kazi yako kubwa ni barua za waajiri. Wanataka barua inayotaja cheo, tarehe, saa za kazi kwa wiki, mshahara, na majukumu yako. Ofisi zetu za wafanyakazi huandika mistari mitatu: fulani alifanya kazi hapa kuanzia tarehe hii hadi hii, tunamtakia heri. Ukiomba waongeze majukumu wanaona kama unataka kuwaburuta mahakamani. Basi omba msimamizi wako wa moja kwa moja aandike ya kwake, ambatisha mkataba, hati za mshahara na P9 za KRA, zile fomu za kodi ya mwaka, na ueleze kwa nini barua ya ofisi ni fupi. Usinakili majukumu neno kwa neno kutoka kwenye orodha yao ya kazi, ile NOC. Afisa anaijua kwa moyo. Ukibainika umedanganya, kifungu cha 40 cha sheria yao kinakufungia nje miaka 5.

Ukipata mwaliko wa kuomba ukaaji una siku 60 tu za kuwasilisha kila kitu, na barua ya mwajiri aliyehamia Eldoret haipatikani kwa siku 60. Anza leo.

#14 Hazina_Chama

Niongezee kwa Kebo upande wa pesa. Kwa aliye nje ya Kanada na asiye na ajira halali kule, kuna kiasi cha kuonyesha. Kwa mwaka 2025 walipandisha hadi dola 15,263 za Kanada kwa mtu mmoja. Pesa hiyo iwe yako, uweze kuichukua, na isiwe mkopo.

Hapa ndipo sisi wa Nairobi tunagonga mwamba. Hisa zako za Sacco zimeshika dhamana ya mkopo wako na wa mwenzako kazini, hizo hazihesabiki kama pesa mkononi. Na zamu yako ya chama ikiingia benki kwa mkupuo wiki moja kabla, taarifa ya benki inaonekana kama umekopeshwa na jirani ili upige picha. Sisemi usitumie pesa ya chama, ni halali kabisa. Beba katiba ya chama, daftari la michango, kumbukumbu za mkutano zinazoonyesha zamu yako, barua ya mweka hazina. Mimi ni mweka hazina, nimeshaandika barua hizo, na zimekubaliwa.

#15 Konda_Mstaafu

Kumbe mweka hazina ana faida. Wetu alihama bila mahojiano yoyote.

#16 Bi_Mkadamu

🤣🤣 Konda wewe.

Mwanangu Sindano, la njia: msitegemee asubuhi ya Nairobi. Barabara ya Limuru ikifunga inafunga, na mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Matatu za 106 na 107 zinapita hapo Gigiri. Binti yangu alilala kwa shangazi yake Ruaka. Simu msiende nazo, ni usumbufu tu pale langoni. Watoto wapewe uji washibe kwanza.

#17 Wakili_Nusu

Halafu yule wa elfu thelathini. Sikatazi mtu kulipia ushauri, wakili wa kweli ana leseni yake na atakupa risiti. Ila anayeuza "majibu ambayo afisa anataka" anakuuzia hatari, kwa sababu anawafundisha watu hamsini jibu lile lile na afisa yule yule anawasikia wote. Na kama ni wakala wa ajira za nje, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, ina orodha ya waliosajiliwa. Tazama kabla ya kutoa hata shilingi.

Cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi, mnacho? Kila mwenye miaka 16 na zaidi. Na aliyeishi nchi nyingine miezi 12 au zaidi, huko Ghuba kwa mfano, anatakiwa na cha huko pia.

#18 Sindano_Kasarani

Tunavyo, wote wawili. Sijaishi nje. Mwajiri nimemwandikia jana usiku, wamejibu kwamba barua mpya itakuja baada ya mkurugenzi wa wauguzi kurudi likizoni. Naweka uzi pembeni nisome faili. Nitaleta ripoti.

#19 Sindano_Kasarani

Wadau, nimerudi na ripoti.

Karani alichukua vyeti halisi, akavilinganisha na vile tulivyopakia. Hati ya kiapo ya jina aliisoma, akaiweka kwenye faili bila neno. Kwa afisa tuliapa. Nikamwambia mwenyewe kuhusu tarehe ya ndoa. Akauliza, "Sherehe ya kimila ilikuwa wapi?" Nikamjibu Murang'a, kwa wazazi wangu. Akamgeukia mume wangu: mbuzi walikuwa wangapi? Sijui kama ilikuwa utani au swali, lakini mume wangu alijibu kwa uchungu wa aliyelipa, na afisa akacheka.

Kisha mimi: mwajiri ni nani, yuko jimbo gani, utakuwa kitengo gani, mgonjwa akianza kupambana na mashine ya kupumulia unafanya nini kwanza. Hilo la mwisho sikulitarajia kwa mtu asiye wa hospitali, lakini nililijibu kama ninavyomweleza mwanafunzi wodini. Akauliza kama nimemlipa mtu yeyote ili nipate kazi hii. Nikasema hapana, kwa sababu ni hapana.

Barua mpya ya mwajiri ilikuwa haijafika. Akanipa karatasi ya 221(g), ile ya kusema kesi inasubiri, akisema kila kitu kiko sawa, wanangoja hiyo barua. Pasipoti alibaki nazo. Barua ilifika siku chache baadaye, nikaituma kwa njia waliyoelekeza, na sasa viza zimetoka zote nne.

Watu wasiogope ile karatasi. Mwenzangu tuliyekaa naye alilia machozi alipoipata, na yake ilidai cheti kimoja tu cha kuzaliwa.

#20 Msomi_Ruaka

Hongera sana dada! Na mimi nakubali, Mzee alikuwa na hoja.

#21 Sindano_Kasarani

Asante kaka. Mzee, la mwisho kabla hatujafunga. Viza zinaisha katikati ya Desemba. Mume wangu ana watahiniwa wa Kidato cha Nne na hataki kuwaacha kabla ya KCSE. Wakwe nao wanasema heri yeye na watoto watangulie mwezi ujao wakapokelewe na ndugu yangu Dallas, mimi nimalize notisi kazini. Kipi kinawezekana?

#22 Mzee_wa_Faili

La wakwe haliwezekani. Wao wanaingia kwa mgongo wako, kwa hivyo wewe uingie kwanza au muingie pamoja. Wakitangulia watazuiwa uwanja wa ndege.

La mume linawezekana. Wewe tangulia ukaanze kazi, yeye asimamie mitihani mpaka iishe Novemba, kisha afuate na watoto, mradi waingie kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye viza zao. Siku ya mwisho usiikaribie, ndege zina mambo yake, acha angalau wiki mbili katikati. Akisafiri na watoto bila wewe, umwachie barua ya ridhaa iliyoapishwa, maana uhamiaji wa JKIA wanaweza kuiuliza.

Ada ya kutengeneza kadi, dola 235 kwa kila mmoja, mlipe mtandaoni kabla ya kusafiri, kadi zianze kushughulikiwa mkishaingia. Na kama ulipewa diski ya eksirei, iende kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.